Kijana, usiikimbie trinomi

Wewe kijana unayesoma Bunia, Mongbwalu au Aru, tunajua somo linalokutoa jasho. Mwalimu anaandika ubaoni x² + 7x + 12, halafu anasema: "Tenganisha!" Unatazama ubao, ubao nao unakutazama. Mwenzako mmoja ameshachoka, ameacha daftari, anaosha mchanga wa zahabu machimboni. Na wewe unajiuliza: nimfuate?

Ngoja kwanza. Kutenganisha ni nini? Ukisema 12 ni 3 mara 4, umetenganisha. Trinomi nayo ni zao la mabano mawili. Kazi yako ni kuyatafuta.

Shika kanuni hii: tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata namba ya mwisho, na ukizijumlisha unapata ile ya katikati. Jaribu 1 na 12: jumla ni 13, hapana. 2 na 6: jumla ni 8, hapana. 3 na 4: jumla ni 7. Ndizo hizo! Jibu ni (x + 3)(x + 4).

Angalia alama, hapo ndipo wengi wanaanguka. Katika x² – x – 12 namba ya mwisho ni hasi, basi namba moja ni hasi na nyingine ni chanya: –4 na 3. Jibu: (x – 4)(x + 3).

Na 2x² + 7x + 3 je? Zidisha 2 na 3, unapata 6. Namba zenye zao 6 na jumla 7 ni 6 na 1. Gawa ile ya katikati: 2x² + 6x + x + 3. Sasa andika 2x(x + 3) + 1(x + 3), yaani (2x + 1)(x + 3).

Usipoziona namba, pima delta. Kwa x² + x + 1 delta ni 1 – 4, yaani –3. Ni hasi, basi usipoteze wakati: katika namba za kawaida haitenganiki.

Inasaidia nini? Shamba lina meta za mraba 96, urefu unapita upana kwa meta 4. Unaandika x² + 4x – 96 = 0, yaani (x + 12)(x – 8) = 0. Upana hauwezi kuwa hasi, basi ni meta 8, na urefu 12. Al-Khwarizmi wa Baghdad alieleza hesabu za namna hii mnamo mwaka 820, na neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake.

Nanyi baba na mama, hata kama hamkusoma aljebra, mwambieni mtoto: "Zidisha tena tuone." Trinomi ikirudi ilivyokuwa, jibu ni sawa. Mpeni nusu saa ya taa kila jioni. Machimbo hayahami, lakini mwaka wa shule ukipita umepita.

Zoezi: x² + 9x + 20, x² – 5x – 14.
Majibu: (x + 4)(x + 5), (x – 7)(x + 2).