Bustani Ifuate Kalenda ya Kiwanda

Kidatu na Ruaha, bonde la Kilombero, pesa ya nyumbani huja na msimu wa kusaga miwa. Viwanda vya sukari vya Msolwa na Ruembe huanza kusaga kiangazi kinapoingia, karibu na Juni, na husimama masika yakikaribia. Udongo ukilowa magari ya miwa hukwama, sukari ndani ya muwa nayo hupungua, basi mitambo hufanyiwa matengenezo.

Machi hadi Mei ndiyo miezi inayonitia wasiwasi. Wakataji wengi hawana kazi, mpunga bado uko shambani, akiba ya mahindi inaelekea kwisha. Mama anayekwenda sokoni na shilingi chache hununua unga kwanza. Mboga hupungua, dagaa wakafuata. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, miezi mitatu ya ugali na chumvi ni mingi mno.

Kwa hiyo nashauri bustani ipandwe Februari, pesa ya miwa ikingali mkononi. Matembele yaje mbele: hayahitaji kununuliwa mbegu, vipande vya mashina vya jirani vinatosha, na baada ya wiki 4 hadi 6 utachuma vichipukizi vyake huku shina likiendelea kuchipua. Mchicha huwa tayari ndani ya wiki 3 hadi 4. Kunde hukupa majani kwanza na punje baadaye, ila ukiyachuma yote usitegemee maganda. Inua matuta, maana masika ya huku huozesha mizizi.

Nafasi ipo. Baadhi ya kaya zimepanda miwa hadi ukutani, na hilo nalipinga waziwazi: ng'oa safu mbili zilizo karibu na jiko.

Kuhusu mbolea, makapi ya miwa yasifukiwe mabichi kwenye tuta. Yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongoni na mchicha hubaki wa njano. Yachanganye na samadi na majani mabichi, nyunyizia maji, geuza lundo mara kwa mara mpaka yawe meusi na yapoe. Matope meusi yanayobaki juisi ya miwa ikichujwa ni bora zaidi, kwani yana fosforasi, lakini nayo yaoze kwanza.

Masizi ya mashamba yanayochomwa yakitua kwenye mboga, osha majani yakiwa mazima, kisha ndiyo ukate. Ukikata kwanza, vitamini C hupotelea kwenye maji. Pika kwa muda mfupi, usimwage maji yake, na tia mafuta kidogo, karanga au tui la nazi, kwa kuwa mwili huhitaji mafuta ili ufyonze vitamini A ya majani. Kamulia ndimu mezani ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri. Chai ya rangi isubiri saa moja hivi, kwa sababu huyazuia.

Mashineni, omba dona badala ya sembe. Dona hubaki na kiini na pumba, penye sehemu kubwa ya vitamini B na madini ya mahindi. Mafuta ya kiini huharibika mapema, kwa hiyo saga kiasi cha wiki moja au mbili, urudi tena.