Jiwe la mtoni au matumbawe? Namna ya kulitambua na kuling'arisha

Mvua zikipungua, Mto Mkondoa huacha kokoto za kila aina kingoni, hapa Kilosa. Wapo wanaookota jiwe lenye vitundu na kuuliza: haya ni matumbawe yaliyogeuka jiwe? Na je, lina bei?

Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo wa baharini. Wakifa, chokaa waliyoijenga hubaki, na baada ya miaka mingi huwa mwamba. Majumba ya kale ya Kilwa Kisiwani yalijengwa kwa mawe hayo. Marekani, kwenye fukwe za Ziwa Michigan, watu huokota jiwe liitwalo Petoskey, ambalo ni matumbawe ya zaidi ya miaka milioni 350. Mwaka 1965 lilifanywa jiwe rasmi la jimbo la Michigan.

Kwetu mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya miamba ya milima ya Kilosa ni ya kale sana, iliyopikwa na kugandamizwa chini ya ardhi. Miamba ya chokaa iliyotokea baharini iko mashariki zaidi, kama Kidugallo kwenye Reli ya Kati. Kwa hiyo vitundu peke yake si ushahidi.

Jipimie mwenyewe. Lowesha jiwe: matumbawe huonyesha mchoro unaojirudia, kama sega la nyuki. Kisha likwaruze kwa kisu. Chokaa hukwaruzika, na unga wake ukiudondoshea siki hutoa povu. Jiwe linalokishinda kisu na kukwaruza kioo, mara nyingi ni kwatzi.

Kwatzi hung'arishwa kwa pipa dogo linalozungushwa na mota. Ndani huwekwa mawe yenye ugumu unaolingana, maji, na unga mkali wa kusagia. Unaanza na unga mnene, unafuata mwembamba, mwisho unga wa kung'arishia. Kila hatua huchukua kama wiki moja, hivyo kazi nzima ni karibu mwezi. Kati ya hatua, osha mawe na pipa vizuri, kwani punje moja nene iliyobaki hukwaruza mawe yote.

Chokaa ni laini. Ukiichanganya na kwatzi itasagika. Isugue kwa mkono kwa msasa wa maji, namba 220, kisha 400, kisha 600, halafu kitambaa kizito.

Usisugue wala kukata jiwe kavu. Vumbi la kwatzi huharibu mapafu, na madhara yake hayaponi. Tope la kusagia usilimwage mtoni.

Sasa bei. Jiwe la kawaida lililong'arishwa ni pambo. Thamani yake ni kazi ya mikono yako. Anayekuambia ni kito na kukudai fedha za "kulipima" kwanza, mwogope. Ukidhani una madini ya kweli, nenda ofisi ya Tume ya Madini mkoani Morogoro, kwani biashara ya madini inahitaji leseni.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi usiokote chochote, hata kokoto. Na ukikuta mfupa au mti uliogeuka jiwe, popote pale, usiung'oe. Unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Piga picha, acha alama, kisha toa taarifa serikali ya kijiji. Mahali ulipolala ndipo wataalamu wanaposoma umri wake. Ukishang'olewa, habari hiyo imepotea.