Upasuaji wa Pili Nani Analipa?

Kabla sijampaka jeli ya utrasaundi mgonjwa mwenye vipandikizi vya matiti, huwa namuuliza vitu viwili: ni vya kampuni gani, na viliwekwa mwaka gani. Mwaka wanaukumbuka, kwa sababu wengi waliuwekea akiba upasuaji huo. Kampuni hawaijui. Mmoja atataja nchi, mwingine atataja jina la daktari, mwingine atafungua simu anionyeshe ukurasa wa Instagramu wa kliniki, picha za kabla na baada zimepangwa vizuri. Ukubwa wa kipandikizi anaujua kwa cc, bei anaijua hadi ya hoteli aliyolala. Namba iliyochapwa kwenye kipandikizi chenyewe hajawahi kuiona.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mtu anayetaka kifua kingine, na mahubiri ya kuridhika na ulivyoumbwa yana watu wake. Ninachojali ni kinachofuata miaka mitano, kumi na ishirini baadaye, wakati mgonjwa huyo yuko Mbagala au Bunju na aliyempasua yuko Istanbul, au kliniki iliyompasua imeshabadilisha jina.

Siku hizi njia ni nyingi. Kuna wanaopanda ndege kwenda Uturuki na India, kuna wanaokwenda Nairobi, na kuna wanaobaki hapa hapa, maana Muhimbili Mloganzila nayo imeanza kutoa upasuaji rekebishi na wa urembo, na hospitali binafsi kadhaa jijini Dar es Salaam zina mabingwa wa fani hiyo. Popote atakapofanyiwa, bei anayotajiwa ni ya upasuaji wa kwanza. Wa pili hautajwi, na mimi naona hapo ndipo penye udanganyifu, hata kama hakuna aliyetamka uongo.

Kipandikizi ni mfuko wa silikoni uliojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi. Cha kwanza cha jeli kiliwekwa mwaka 1962 huko Houston, Texas. Imepita miaka zaidi ya 60 na bado hakijatengenezwa cha kudumu maisha yote. FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ilieleza mwaka 2011 kwamba kati ya wanawake waliowekewa kwa ajili ya urembo, hadi mmoja katika kila watano hulazimika kuvitoa ndani ya miaka 10. Kwa waliotengenezewa titi jipya baada ya saratani, ni hadi nusu yao. Mwenye miaka 25 leo asihesabu upasuaji mmoja.

Hapa kuna imani moja inayozunguka saluni na kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba kila kipandikizi lazima kibadilishwe kikitimiza miaka 10. Si kweli. Hakina tarehe ya kuisha kama ya maziwa ya pakiti. Kisicho na shida kinaweza kukaa zaidi ya hapo, na chenye shida hakisubiri miaka 10. Kinachotakiwa ni kukikagua.

Na ukaguzi wenyewe si wa kujitazama kwenye kioo. Kipandikizi cha maji ya chumvi kikipasuka utajua, kwani titi linasinyaa ndani ya siku chache na maji yale mwili unayafyonza. Cha jeli kinaweza kupasuka ukaendelea kuvaa nguo zako na kupanda mwendokasi bila kuhisi chochote. Jeli ya siku hizi ni nzito, haimwagiki ovyo, na mara nyingi inabaki ndani ya kovu ambalo mwili umelijenga kuizunguka. Ndiyo maana mwaka 2020 FDA ilipendekeza wenye vipandikizi vya jeli wapigwe utrasaundi au MRI mara ya kwanza kati ya mwaka wa tano na wa sita, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, hata kama hawaumwi.

Kwetu utrasaundi ndiyo njia ya kuanzia, kwa kuwa ipo Temeke, ipo Mwananyamala na ipo kwenye vituo binafsi vingi, na bei yake haikaribii ya MRI. Ila uliza kabla hujalipia. Mashine nyingi za mitaani zinaendeshwa na watu ambao kutwa nzima wanapima mimba. Ni wazuri kwa kazi hiyo, lakini ukuta wa kipandikizi ni kitu kingine na unahitaji kifaa cha kupimia vitu vya karibu na ngozi. Ukuta mzima unaonekana kama mstari laini usiokatika na ndani yake kweusi. Ukipasuka na kuporomoka ndani, naona mistari kadhaa imelala sambamba katikati ya jeli. Jeli ikishatoka nje ya kovu, hasa ikifika kwenye tezi za kwapani, sehemu hiyo inageuka ukungu mweupe unaoficha kila kilicho nyuma yake. Ikiwa picha haieleweki, hapo MRI ina sababu, na utaipata kwenye hospitali kubwa za jiji.

Lile kovu nalo lina mambo yake. Kila mwili hujenga kovu kuzunguka kitu kigeni, na kwa wengi linabaki jembamba na laini. Kwa baadhi linakaza, linakibana kipandikizi, titi linakuwa gumu, linapanda juu, linauma. Madaktari hulipima kwa ngazi nne, na ngazi mbili za mwisho mara nyingi huishia chumba cha upasuaji. Mionzi ya tiba ya saratani huongeza uwezekano wa kovu kukaza, kwa hiyo mama aliyetibiwa Ocean Road kisha akatengenezewa titi kwa kipandikizi anahitaji kuonwa mapema zaidi kuliko msichana wa Sinza aliyeongeza ukubwa tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila nesi wa zahanati alijue. Titi lenye kipandikizi likivimba ghafla mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, likajaa maji upande mmoja, usimpe mgonjwa dawa za jipu na kumrudisha nyumbani. Mara nyingi chanzo ni cha kawaida: kuumia au uambukizo. Lakini kuna saratani adimu ya chembe za kinga, limfoma, inayoota ndani ya kovu la kipandikizi, na uvimbe wa namna hiyo ndiyo dalili yake kubwa. Hujitokeza kwa kawaida miaka saba hadi kumi baada ya kuwekewa, na imehusishwa zaidi na vipandikizi vyenye uso wa mparuzo kuliko vyenye uso laini. Mwezi Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya mparuzo vya aina ya BIOCELL. Wakati huo FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 dunia nzima, na 33 kati yao walikuwa wamefariki. Ni wachache ukilinganisha na mamilioni ya waliowekewa. Ikigunduliwa mapema, wengi hupona kwa kutolewa kipandikizi pamoja na kovu lote.

Kugundua mapema maana yake maji yale yavutwe kwa sindano inayoongozwa na utrasaundi, isije ikakitoboa kipandikizi, kisha yapelekwe maabara yakiwa na maelezo kwamba mgonjwa ana kipandikizi na kinachotafutwa ni limfoma. Karatasi ya maabara iliyoandikwa "uvimbe wa titi" basi, itarudi na jibu la uvimbe wa titi. Kama mgonjwa ananyonyesha, hatari ya kupotea njia ni kubwa zaidi, kwa sababu kila mtu atasema ni maziwa.

Wenye vile vipandikizi vya BIOCELL vilivyoondolewa sokoni mwaka 2019 hawakutakiwa wote kuvitoa. Wasio na dalili waliambiwa waendelee kufuatiliwa. Lakini ili ujue kama unahusika ilibidi ujue ulicho nacho. Kabla ya hapo dunia ilikuwa imeshapata somo la Ufaransa. Kampuni ya PIP, ya Jean-Claude Mas, ilikutwa mwaka 2010 ikijaza vipandikizi silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Wanawake wapatao 300,000 katika nchi zaidi ya 60 walikuwa navyo. Mas alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013, kampuni ikawa imeshafilisika. Uingereza, baadhi ya kliniki binafsi zilikataa kuvitoa bure. Huduma ya afya ya taifa ikawatolea waliokwama, bila kuwarudishia vingine. Serikali yao ilikuja kuanzisha daftari la taifa la vipandikizi Oktoba 2016, ili siku kampuni nyingine ikiharibu watu wapatikane.

Kwetu daftari ni mkoba wako. Kila kipandikizi kinatoka kiwandani na vibandiko vyenye jina la kampuni, aina, ukubwa, namba ya toleo na namba yake pekee. Kimoja hubandikwa kwenye faili la hospitali, kingine kwenye kadi ya mgonjwa. Hiyo kadi ni haki yako, na huondoki bila hiyo, sawa na ambavyo hununui gari bila kadi ya gari. Ipige picha, mtumie dada yako au mtu mwingine atakayekusemea siku ukifikishwa hospitali hujitambui. Omba pia nakala ya maelezo ya upasuaji: kipandikizi kimewekwa juu au chini ya msuli, uso wake laini au wa mparuzo. Kama ulifanyiwa zamani na huna chochote, waandikie waliokupasua leo wakiwa bado wapo. Na ukipata madhara, mwambie anayekutibu atoe taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vifaa tiba viko chini yao kama dawa zilivyo.

Tuje kwenye fedha. NHIF na bima binafsi zinalipia ugonjwa. Upasuaji wa urembo kwa kawaida umo kwenye orodha ya visivyolipiwa. Mtego uko kwenye madhara yanayotokana na upasuaji huo. Ukipata usaha na homa wiki ya pili, bima yako italipa wodi, au itasema chanzo ni urembo? Uliza kabla, kwa maandishi, na ukijibiwa usilolielewa, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ipo na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo. Mgonjwa wa saratani asijiweke kwenye kapu hilo. Daktari wake aandike wazi kwamba ni ukarabati baada ya titi kuondolewa, na kibali kiombwe kabla ya upasuaji. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inajengwa juu ya kitita cha huduma za msingi. Silikoni ya urembo sitarajii kuiona humo, na sidhani inastahili kuwamo wakati wajawazito bado wanaambiwa waje na glavu.

Kuna dhamana ya mtengenezaji, ambayo wauzaji huitaja haraka haraka. Kwa kawaida inakupa kipandikizi kipya kile cha zamani kikipasuka, na baadhi huongeza mchango wa gharama za upasuaji kwa miaka kadhaa. Chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, vipimo na nauli mara nyingi vinabaki kwako. Nyingine zinataka uwe umejisajili, na kipandikizi kilichopasuka kirudishwe kiwandani kikachunguzwe, kwa hiyo mwambie daktari mapema asikitupe na taka za hospitali. Kliniki nazo zina ahadi zao. Ukiambiwa uangalizi ni wa maisha, uliza maisha ya nani: yako, ya kipandikizi, au ya kliniki.

Ningekuwa na uwezo, ningelazimisha kila kliniki itaje bei mbili, ya kuweka na ya kutoa. Kwa kuwa sina, nawashauri wagonjwa wasiweke kabla hawajaanza kuweka akiba ya kutolea. Upatu wa wanawake wenzako unaweza kabisa kazi hii, maana muda upo. Mkopo wa kausha damu hauwezi. Nimeona watu wakiahirisha kidonda kinachotoa maji kwa sababu marejesho ya kila siku yalikuwa hayajaisha.

Kuhusu wiki za mwanzo nitasema kidogo, kwa kuwa karatasi za kliniki nyingi zimeandikwa kwa watu wenye mashine ya kufulia. Kwa takriban wiki sita usichote maji, usitwike ndoo, usifue mashuka kwa mkono, usipige deki kwa kuinama, na bodaboda ya barabara ya vumbi ya Chamazi iache. Homa, wekundu unaosambaa, au titi moja kujaa kuliko jingine ndani ya siku chache ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaochomwa sindano za jeli kwenye matiti au makalio, na wanaotumia zile dawa za Kichina za Kariakoo, hawamo kwenye makala haya. Jeli ya sindano haina mfuko. Ikishasambaa kwenye nyama hakuna daktari atakayeitoa yote, na FDA imeonya wazi dhidi ya kuchoma silikoni ya maji ili kuongeza umbo.

Kipandikizi hakikukingi na saratani ya kawaida ya titi, na kinaweza kuificha. Ukienda kupiga mamogramu, sema mapokezi kabla hujavua nguo. Mpiga picha atasukuma kipandikizi nyuma na kuvuta nyama ya titi mbele, apige picha za ziada. Asipojua, atapiga za kawaida na sehemu ya titi haitaonekana.

Na ikifika siku ya kutoa, si lazima kuweka vingine. Wapo wanaotoa na kubaki hivyo, wakiwa wamejiandaa kwa ngozi iliyolegea na titi dogo kuliko la awali. Kama kulikuwa na uvimbe au maji, kovu lililotolewa lipelekwe maabara, na majibu yake yakae pamoja na ile kadi.