Jivu la Jikoni na Jivu la Makaa ya Mawe

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kufasiri kwenye kikao cha wanakijiji, chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha pwani ya Kenya. Mada ilikuwa umeme wa makaa ya mawe. Mtaalamu akaeleza kwa Kiingereza kwamba mabaki ya makaa yakishaungua yatatiwa kwenye shimo maalumu. Nami nikafasiri: majivu yatafukiwa shimoni. Mama mmoja aliyeketi pembeni akainua mkono. "Mwanangu," akaniambia, "hayo majivu ya nini kuyafukia? Si mtugawie? Sisi twasugulia masufuria, na yakibaki twanyunyizia kunde zisiliwe na wadudu."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wenzake walitikisa vichwa kumuunga mkono, na mimi nikatambua kwamba nimewapotosha watu wazima mia moja kwa neno ambalo kila kamusi ingeliidhinisha. Jivu ni jivu, lakini jivu walijualo wao hutoka kwenye kuni za mkoko au za mkwaju, na halina madhara makubwa kuliko kukereketa macho. Makaa ya mawe ni mimea iliyozikwa ardhini kwa mamilioni ya miaka hadi ikageuka mwamba, na mwamba huo umebeba ndani yake arseniki, risasi, kadimiamu na zebaki. Ukiuchoma, kaboni huondoka na moto. Sehemu kubwa ya metali hubaki na kujikusanya kwenye jivu. Zebaki yenyewe hupenda kupanda na moshi, kisha hushuka na mvua. Ikifika kwenye tope la maji yasiyo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki na isiyotoka upesi. Dagaa akiliwa na changu, na changu akaliwa na papa, kila mlaji hurithi sumu ya wote aliowala. Mwisho wa safari hiyo ni sahani ya wali, na anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajijenga.

Maelezo hayo yalinichukua nusu saa ya ziada siku ile. Naandika kuhusu nusu saa hiyo, kwa sababu haki ya mazingira husimama au huanguka hapo.

Tunaposema haki ya mazingira tunauliza mambo mawili. La kwanza, nani anabebeshwa uchafu na nani anapata faida? La pili, ambalo husahaulika, nani alikuwepo uamuzi ulipokatwa, na alielewa nini? Mwaka 1982 wakazi wa Warren County, jimbo la North Carolina nchini Marekani, wengi wao weusi, walilala barabarani kuzuia malori yaliyokuwa yakileta udongo wenye sumu kumwagwa kwao, na mamia wakakamatwa. Mwaka 1991 wajumbe wa jamii za weusi, wenyeji asilia wa Marekani, Walatino na Waasia walikutana Washington na kupitisha kanuni 17 za haki ya mazingira. Mojawapo inadai watu washiriki kama washirika sawa katika kila hatua, tangu kupima mahitaji hadi kutathmini matokeo. Nyingine, ya 16, inahusu elimu: vizazi vya leo na vya kesho vifundishwe mambo ya jamii na ya mazingira kwa kuanzia kwenye maisha yao wenyewe na kwa kuthamini mitazamo ya tamaduni mbalimbali. Wengi hupita haraka hapo. Mimi nadhani bila hiyo ya 16 zile nyingine haziwezi kutekelezwa, na Lamu ndiyo mfano ulio karibu nasi.

Mradi wa Lamu ulikuwa wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara, katika kaunti ambayo mji wake mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni mwaka 2016. Muungano wa vikundi vya wenyeji, Save Lamu, pamoja na wakazi kadhaa, ukakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo. Zipo sababu zaidi ya moja, lakini iliyobeba uzito ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: je, hakukuwa na mikutano? Ilikuwepo. Tatizo ni kwamba iliyofanyika ilikuwa ya mwanzo, ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti wa athari haujakamilika. Watu waliambiwa kunakuja kiwanda; utafiti ulipokwisha na madhara yakajulikana, hawakurudiwa ili waelezwe na kusikilizwa kwa njia ambayo sheria inataka. Jopo likaona kwamba utafiti, hata uwe mzuri namna gani, haufidii pengo hilo.

Kanuni zilizotumika ni za mwaka 2003, na ni vizuri kila mwenyekiti wa kijiji azijue. Mwenye mradi lazima abandike matangazo sehemu zinazoonekana, atangaze gazetini wiki mbili mfululizo, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji. Lazima afanye angalau mikutano mitatu ya kueleza mradi na athari zake. Taarifa itoke wiki moja kabla, na mahali na saa viwafae watu watakaoathirika. Na lazima awepo mratibu mwenye sifa wa kupokea na kuandika maoni, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake.

Soma tena maneno hayo ya mwisho: pamoja na tafsiri zake. Sheria imetambua kwamba mzee anayezungumza Kibajuni ana haki ya kuandikwa kama alivyosema, si kama karani alivyomsikia. Nimeona daftari la kikao kimoja ambamo mvuvi aliuliza maji ya kupozea mitambo yatarudishwa baharini yakiwa na moto kiasi gani, na kama yatafunguliwa wakati wa bamvua, maji yanapokwenda kwa nguvu, au wa maji mafu. Swali la maana sana. Kiwanda cha aina hiyo hunyonya maji ya bahari kwa wingi na kuyarudisha yamepata joto. Yakifunguliwa wakati wa bamvua mkondo huyachukua na kuyatawanya. Wakati wa maji mafu yanaweza kukaa palepale mlangoni mwa ghuba, na matumbawe hayavumilii joto la kuzidi hata kwa nyuzi chache yakikaa nalo kwa wiki kadhaa. Karani aliandika: "Mshiriki aliuliza kuhusu maji." Kwa maneno manne elimu ya miaka 50 baharini ilitoweka, na yule aliyesoma ripoti mjini hakuwa na lolote la kujibu.

Watu wanapotaja elimu ya mazingira kwa jamii, mara nyingi humaanisha mtaalamu anafundisha na mwanakijiji anasikiliza. Hiyo kweli ni nusu ya kazi, na kisa cha majivu kinaonyesha kwa nini inahitajika. Nusu nyingine ni mtaalamu kukaa chini afundishwe. Lamu si watu wa aina moja. Wapo Waswahili wa mjini na Wabajuni wa visiwani wanaoishi kwa nyavu, madema na mashua. Wapo Waaweer wanaoujua msitu na njia za kufuata asali, Wasanye, Waorma wenye ng'ombe, na wakulima waliohamia kutoka bara. Mbajuni atauliza upepo wa kaskazi utaupeleka wapi moshi, kwa kuwa miezi hiyo ndiyo ya bahari tulivu na neema ya samaki. Mworma atauliza njia ya malisho itakatwa wapi kiangazi. Mwaweer atauliza nyuki. Ukikusanya maswali haya yote una orodha ya utafiti ambayo hakuna ofisi Nairobi ingeweza kuiandika peke yake.

Mahakama imeshawahi kuipima kwa shilingi hasara ya kutowasikiliza watu hawa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 wafidiwe takriban shilingi bilioni 1.76 kutokana na ujenzi wa bandari ya Lamu, baada ya kuona kwamba uchimbaji wa kina cha bahari uliwaharibia sehemu za kuvulia, na kwamba haki zao za mazingira safi, za habari na za utamaduni zilivunjwa. Utamaduni kuwekwa kando ya samaki katika hukumu moja ni jambo ambalo walimu wetu wa shule wanapaswa kulifundisha. Mvuvi asiyeweza kwenda mwambani hampi mwanawe jina la mwamba huo.

Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, walijifunza kwa njia ya uchungu zaidi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilipakana na nyumba zao, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliwaongoza wakazi wa makabila mbalimbali kupima damu, kuandamana na kushtaki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Laiti mkutano mmoja wa kweli ungefanyika kabla ya tanuri kuwashwa.

Mkutano wa kweli una ratiba yake, na mara nyingi huharibika kwenye ratiba. Ukiuita saa tatu asubuhi siku ya maji makavu, wanawake wako ufuoni wanatafuta pweza na kaa. Ukiuita Ijumaa karibu na adhuhuri, umewaita watu wasioweza kuja. Na hata wakija, mwanamke wa Kiamu mwenye heshima zake hatabishana na mkwewe mbele ya chifu. Mimi hufanya kikao cha wanawake kwanza, barazani au ukumbini mwa nyumba, kisha mmoja waliyemchagua wenyewe hupeleka hoja kwenye mkutano mkubwa. Nimeambiwa ni kupoteza muda. Sikubali. Mambo ya uzazi, ya ngozi za watoto, ya kisima kilichobadilika ladha, sijayasikia popote isipokuwa humo.

Katika kikao kimoja cha namna hiyo tuliiacha kabisa mitambo ya picha. Tulitandaza karatasi kubwa sakafuni, tukawaomba wazee na akina mama wachore bahari yao, na mtoto wa darasa la 7 akapewa kalamu aandike majina kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Mhandisi kijana aliyekuja nasi alikuwa na ramani yake kwenye simu, na eneo lile kwake lilikuwa buluu tupu. Kwenye karatasi kulikuwa na miamba, mashimo ya kaa, maficho ya tasi, mlango ambao mashua haipiti maji yakipwa. Akaanza kuuliza: na hapa? Na hapa panaitwaje? Akawa ananakili upesi upesi.

Walipofika kwenye mwamba mmoja wa mbali, wazee wawili walitofautiana. Mmoja alikuwa na jina la Kibajuni alilopewa na babake. Mwingine alishikilia jina walilolitumia wavuvi wa mjini. Walibishana kwa adabu, sheikh wangu hivi, bwana wangu vile, mpaka chai ikapoa. Mtoto aliwatazama, akasubiri, kisha akainama na kuyaandika yote mawili, moja juu ya jingine, na kando yake akachora samaki.