MIAKA 40 YA MAMLAKA YA MJI MKONGWE: ELIMU YA UJENZI IWAFIKIE WAKAAZI

Mwaka 1985 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2025 chombo hicho kikatimiza umri wa miaka 40. Ofisi za wasanifu majengo zinapofikia umri wa namna hiyo, baadhi yake huwaalika wananchi kwenye mihadhara ya wazi, ambapo michoro hubandikwa ukutani na wasanifu hujibu maswali ya watu wasiokuwa wa fani yao. Kwa Mji Mkongwe desturi hiyo ina manufaa kupita ya sherehe, kwa kuwa uhai wa nyumba zake haumo mikononi mwa wasanifu peke yao. Umo pia mikononi mwa mwenye nyumba, mpangaji, na fundi anayeitwa kuja kuziba ufa.

Sababu za kuundwa kwa Mamlaka

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia katika milki ya Serikali na zikapangishwa kwa wananchi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa makaazi ya familia kadhaa. Kodi iliyotozwa ilikuwa ndogo, na haikuweza kugharamia matengenezo ya jengo la ghorofa mbili au tatu. Miaka ikapita, paa zikavuja, kuta zikalowa, na baadhi ya nyumba zikaanguka.

Mamlaka iliundwa ili kuizuia hali hiyo. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya hifadhi na uendelezaji wa Mji Mkongwe, na katika kipindi hicho hicho mpango mkuu wa uhifadhi ukatayarishwa kwa msaada wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan. Hesabu ya miaka ya 1990 ilionesha kuwa mji una majengo 1,709, na kwamba takriban robo tatu yake yalikuwa yamechakaa. Mwaka 2000 Shirika la UNESCO liliuingiza Mji Mkongwe, wenye eneo la hekta 96, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Sheria mpya ya Mamlaka ikafuata mwaka 2010.

Katika safari hiyo mazungumzo ya kitaalamu hayakukosekana. Mwezi wa Oktoba 1988 Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo ilifanya semina yake hapa Zanzibar kuhusu usanifu wa makaazi. Mwaka 1995 kilichapishwa kitabu cha makala za wataalamu juu ya historia na uhifadhi wa Mji Mkongwe, mhariri wake akiwa Profesa Abdul Sheriff. Kazi hizo ni hazina kubwa. Hata hivyo, fundi wa Malindi au mpangaji wa Kiponda si rahisi kuzifikia, naye ndiye anayeshika mwiko na ndoo.

Namna nyumba ya mawe inavyosimama

Jambo la kwanza linalostahili kuelezwa katika mihadhara ya wazi ni maumbile ya nyumba yenyewe. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe, wenye unene wa nusu mita au zaidi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, ukapigwa plasta ya chokaa, kisha ukapakwa chokaa nyeupe. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na kumiminwa chokaa, ambayo hupondwa mpaka ikashikana. Urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo aghalabu ni virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuri. Mawe yaliyoiva hutiwa maji yakalainika, na chokaa hiyo ikishatumika hukauka polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa iliyomo angani, hata ikarudi kuwa aina ya jiwe. Ugumu wake ni wa wastani. Hukubali kusogea kidogo pamoja na jengo, na hupitisha unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini au kuingia kwa mvua hutoka tena nje kwa kukauka kupitia usoni mwa ukuta.

Athari za saruji katika ukuta wa chokaa

Jambo la pili ni saruji. Mwananchi anapoona plasta imebanduka, huona kuwa saruji ndiyo dawa, kwa kuwa ni ngumu, hukauka upesi, na hupatikana dukani. Juu ya ukuta wa matumbawe, matokeo yake huwa kinyume cha matarajio. Saruji huyafungia maji ndani. Maji hayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, hubeba chumvi, na chumvi hiyo inapoganda nyuma ya plasta huyasaga mawe na chokaa ya zamani. Baada ya muda plasta ya saruji hubanduka kwa mabamba makubwa, na nyuma yake ukuta hukutwa umegeuka unga. Mchanga wa pwani usiooshwa huzidisha madhara hayo, kwa sababu huwa umekuja na chumvi yake.

Vivyo hivyo, dari ya zege inayowekwa mahali pa dari ya boriti huweka juu ya kuta za zamani uzito ambao hazikujengwa kuubeba. Nyumba huonekana mpya kwa nje, ilhali imedhoofishwa.

Maji ni adui wa kwanza

Jambo la tatu ni maji. Boriti ya mikoko ikiwa kavu hudumu kwa muda mrefu sana. Mahali panapooza mwanzo ni kichwa chake, kile kilichoingia ndani ya ukuta, endapo ukuta huo una maji. Bati moja lililotoboka, mchirizi ulioziba majani, au bomba la choo linalovuja ukutani vinaweza kuangusha dari nzima, na dari ikishuka ukuta hukosa kishikizo chake. Kwa hiyo kazi yenye faida kubwa na gharama ndogo ni kukagua paa, michirizi na mabomba kabla ya mvua za masika, na tena kabla ya vuli.

Funzo la Beit al-Ajaib

Hasara inayotokana na kuchelewa ilidhihirika katika jengo mashuhuri kuliko yote. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, iliangukiwa na sehemu ya baraza zake mwaka 2012. Tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya jengo hilo pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Tukio hilo linabainisha kuwa umaarufu haulindi ukuta, na kwamba jengo bovu haliharibu historia peke yake bali huua watu.

Maswali yasiyofaa kukwepwa

Mihadhara itakayomtaja mwananchi kuwa mkosaji kisha ikaishia hapo haitafaa kitu. Mpangaji wa nyumba ya Serikali au ya wakfu ana haki ya kuuliza kwa nini atumie akiba yake kutengeneza nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza atapata wapi chokaa iliyokaa vizuri na fundi anayeijua, ikiwa kazi ya chokaa inahitaji subira ambayo saruji haiitaki. Fundi naye atauliza nani atamlipa kwa siku za kungojea plasta ikauke. Wasanifu wanapoyasikia maswali hayo hadharani hupata picha ambayo michoro yao haiioneshi.

Mazungumzo hayo hayahitaji ukumbi mkubwa. Mji Mkongwe umejaliwa baraza za mawe mbele ya nyumba, ambako kwa muda mrefu watu wameketi kupashana habari. Msanifu anayesimama katika baraza moja ya Mkunazini na kipande cha boriti iliyooza mkononi, akieleza kwa Kiswahili chepesi mbele ya kina mama, wazee, mafundi na vijana wa skuli, atakuwa ameifanya kazi ya uhifadhi kama yule aliyemo ofisini akitia saini kibali.

Wajibu wa kila mmoja

Wananchi wanakumbushwa kuwa kujenga, kubomoa au kubadilisha jengo ndani ya eneo la hifadhi kunahitaji kibali cha Mamlaka. Kibali hicho si kikwazo kilichowekwa kwa ajili ya usumbufu. Ni nafasi ya kupata ushauri kabla fedha hazijatumika vibaya. Anayeona ufa unaopanuka, dari iliyopinda au ukuta uliofura asingoje mpaka mvua imalizike, bali atoe taarifa mapema na awaondoe watoto mahali hapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mitaa ya Mji Mkongwe maneno hayo ni ya kuchukuliwa kama yalivyo.