Mlipuko au Mtanuko? Majaribio ya Fizikia ya Chembe na Maelezo ya Asili ya Ulimwengu kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika maandishi ya Kiswahili yanayogusia asili ya ulimwengu, istilahi iliyozoeleka ni "mlipuko mkubwa". Hii ni tafsiri sisisi ya jina lililotolewa mwaka 1949 na mwanaastronomia Mwingereza, Fred Hoyle, katika matangazo ya redio ya BBC. Hoyle mwenyewe hakuikubali nadharia aliyoipa jina. Makala haya yanakusudia kueleza kinachofanywa hasa katika maabara zinazoichunguza asili hiyo, na kuonyesha kwamba neno "mlipuko" humpotosha msomaji hata kabla hajalifikia jaribio lenyewe.

2.0 Jaribio lenyewe

Maabara mashuhuri zaidi ya aina hii ni CERN, iliyoanzishwa mwaka 1954 karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Huko, katika handaki la mviringo lenye mzingo wa kilomita 27, umo mtambo wa kuongeza kasi ya chembe uliozungusha protoni kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 2008. Mtambo huo aghalabu hugonganisha protoni. Tangu Novemba 2010, hata hivyo, katika vipindi maalumu hugonganisha viini vya atomu za risasi. (Hapa mwandishi wa Kiswahili hana budi kujihadhari: risasi inayozungumziwa ni metali, wala si ile itokayo katika bunduki, ingawa ya pili imerithi jina la ya kwanza.)

Kiini cha risasi itumiwayo kina protoni 82 na nyutroni 126. Viini viwili vinapokutana uso kwa uso, kila kimoja kikiwa na kasi inayokaribia ile ya nuru, nishati yao hujibana katika nafasi ndogo mno, na joto huzidi lile la kitovu cha jua kwa zaidi ya mara 100,000. Katika joto hilo protoni na nyutroni hazidumu. Huyeyuka na kuachia chembe zilizomo ndani yake, yaani kwaki, pamoja na gluoni zinazoziunganisha. Maada hiyo huitwa plazima ya kwaki na gluoni. Kwa mujibu wa nadharia, ulimwengu wote ulikuwa katika hali hiyo katika visehemu vichache vya milioni vya sekunde yake ya kwanza, miaka ipatayo bilioni 13.8 iliyopita.

Plazima hiyo haionwi na mtu. Hupoa mara tu inapotokea, kwaki hushikamana upya, na maelfu ya chembe hutawanyika kupitia kigunduzi kiitwacho ALICE, chenye uzito wa tani 10,000. Kinachosomwa ni nyayo tu. Mwanaisimu historia hatashangazwa na utaratibu huu, kwani naye huunda upya Mame-Bantu kwa kulinganisha lugha zilizopo leo. Tofauti ni kwamba mwanafizikia anaweza kurudia tukio lake mara nyingi atakavyo, nasi hatuwezi.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Ilitarajiwa kwamba plazima hiyo ingekuwa kama gesi. Mwaka 2005 watafiti wa maabara ya Brookhaven, katika jimbo la New York, ambao walikuwa wakigonganisha viini vya dhahabu, walitangaza kwamba inatiririka kama kiowevu chenye mnato mdogo mno. Vipimo vya CERN vililithibitisha jambo hilo.

3.0 Tatizo la "mlipuko"

Kitenzi -lipuka hudai kitu kinacholipuka na mahali kinapolipukia. Tusemapo "bomu limelipuka sokoni", soko lilikuwapo kabla ya bomu. Kwa hiyo msomaji anayeambiwa kwamba ulimwengu ulianza kwa mlipuko ana haki ya kuuliza ulilipukia wapi. Swali lake ni sahihi kisarufi, bali fizikia hailitambui, kwa kuwa kinachotanuka ni nafasi yenyewe. Makundi ya nyota huachana kwa sababu nafasi iliyo kati yake inaongezeka, wala hakuna kitovu ambako yalirushwa.

Sarufi yetu inaweza kulieleza hili vizuri. Ngeli ya mahali huruhusu mahali kuwa kiima: "mahali palitanuka". Sentensi hiyo haidai mahali pengine nje ya hapo.

Kosa la pili ni kudai kwamba CERN "wameumba upya mwanzo wa ulimwengu", kama ilivyopata kuandikwa. Kilichofikiwa ni hali ya maada baada ya mwanzo. Papo hapo pa mwanzo hapajafikiwa na jaribio lolote. Neno "mlipuko" hurahisisha dai hilo, kwani mgongano wa viini nao huonekana kama mlipuko mdogo, na msomaji huvifananisha viwili hivyo bila kusita.

Je, "mtanuko mkuu" utafaa? Nauona bora, ingawa hauna usalama kamili. Mwanafunzi wa sekondari amekwisha kukutana na mtanuko wa chuma kinapopashwa moto, nacho chuma hutanuka ndani ya nafasi iliyokuwapo. Istilahi hiyo itahitaji kufafanuliwa kila inapotumika kwa mara ya kwanza, na sentensi ya kuifafanua tunayo tayari katika ngeli ya pa-.