Upele Usiopona kwa Mtoto Aliyeachishwa Ziwa
Mtoto aliyeachishwa ziwa karibuni akitokwa na vidonda kuzunguka mdomo, sehemu ya haja, mikono na miguu, huku akiharisha na kunyonyoka nywele, si lazima awe na fangasi. Upo ugonjwa adimu wa kurithi, akrodematitisi enteropathika, ambamo utumbo hushindwa kufyonza madini ya zinki ya kutosha. Zinki iliyomo katika maziwa ya mama hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana dalili mara nyingi huchelewa. Ugonjwa huu hauambukizi. Usipotibiwa huweza kuua. Ukitambuliwa, mtoto hupewa zinki kila siku maishani kwa kipimo cha daktari, na ngozi hupona. Mzazi aonaye dalili hizi amfikishe mtoto zahanati mapema, wala asikatishe dawa ngozi ikishatakata.